Mlenda Usio na Chumvi

Mwingereza wa ofisi ya mji aliitisha baraza Miyuji, akauliza kama wenyeji wanaridhia kile kiwanja cheupe cha bondeni, mali ya mji, kigeuzwe bustani ya maua. Wanaume wote wakanyoosha mikono, Tadeo wa kwanza. Kiwanja hakioti hata nyasi, watapungukiwa nini? Wanawake hakuna aliyewaita.

Jioni Tadeo alimega ugali wa uwele, akachovya kwenye mlenda, akakunja uso.

"Mama Sidonia, umesahau chumvi?"

"Sikusahau, Baba Sidonia," mkewe alijibu kwa upole, akimsogezea bakuli. "Chumvi mmempa Mzungu."

Hapo ndipo Tadeo alipokumbuka ule udongo wa bondeni, ambao wanawake huukwangua kila kiangazi, wakauchuja na kuuchemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Akatoka nje kupunga upepo. Nyumbani kwa jirani nako mume alikuwa akiuliza swali lile lile.

Asubuhi wanaume walirudi ofisini wakiomba baraza jingine.

"Kwani jana sikuwauliza?" Mwingereza alishangaa.

"Ulituuliza, Bwana," Tadeo alisema. "Safari hii waulize wanaopika. Sisi ni walaji tu."