Mtafsiri wa Dutwa

Mahona wa Dutwa alikuwa mchungu kama shubiri, msinibishie. Ukikohoa kwenye kibanda chake cha video, anasimamisha picha na kukusema mbele ya watu. Lakini kwa kutafsiri filamu hakuwa na mpinzani Bariadi nzima. Anashika maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, na bibi asipoelewa anamtupia Kisukuma.

Jumamosi hiyo mchana aliweka filamu ya Kikorea, ya daktari mkorofi aliyempenda mwanamke mmoja. Nyuma alikaa Georgina, nesi wa zahanati, Mhaya wa watu, ambaye kwa miaka miwili alipita pale kumletea chai na kumtania, akijibiwa kwa kukunjiwa uso. Jumatatu anahamia kwao Muleba. Mahona alijua, na alichofanya ni kununa tu. Mwanaume mzima!

Watu walicheka tangu mwanzo, maana yule daktari alikuwa Mahona mtupu. "Pacha wako huyo," alimtania Mayu Milembe, mama mzee wa benchi la mbele, na Mahona akaongeza sauti ya spika.

Ikafika pale daktari anamfuata mwanamke stendi. Maandishi yakapita, Mahona asiyasome. Akasema, "Mimi ni mgumu. Nilizoea watu waniogope, ukaja wewe usiyeniogopa, nikakosa pa kujificha." Daktari alishafunga mdomo zamani. Kwenye picha mpishi anakaanga samaki, na Mahona bado anaongea: "Ukiondoka kabla sijasema, nitakufa nayo moyoni. Nakupenda, Nesi."

Vichwa vyote vikageuka nyuma kwa Georgina. Hata aliyekuwa anatafuna muwa aliacha. Mahona aliduwaa, akaitazama maikrofoni. Hakuwahi kujua kwamba ndani yake mna maneno kama yale, na sasa spika ilikuwa imeyafikisha mpaka barabarani.

Mwanamke wa kwenye filamu akatokea tena kwenye picha, akaanza kujibu. Midomo inacheza, mtafsiri bubu.

"Anasemaje?" aliuliza Mayu Milembe.

Georgina akapita katikati ya mabenchi, akaichukua maikrofoni mkononi mwa Mahona.

"Anasema amesikia," alisema taratibu. "Anasema Jumatatu anaondoka, uhamisho ni uhamisho. Wazazi wake wako Muleba. Posa haipelekwi kwa spika. Mtu huja na wazee wake."

Akamrudishia. Mahona akaipokea kwa mikono miwili.

"Nitakuja na baba mkubwa," akasema.