Upande Aliosimama Najat

Eda yangu ilipokwisha, shemeji yangu Jamaldini alikuja Kaloleni akaniwekea kamera mbili mkekani. Zote mbili zilikuwa za marehemu mume wangu, Luqman, aliyepiga picha za arusi na za pasipoti hapa Arusha miaka kumi na tisa. Jamaldini naye ni mpiga picha, kazi yake iko karibu na uwanja wa mpira. Akasema tugawane, moja yangu, moja yake, na mimi nitangulie kuchagua.

Moja ilikuwa Praktica ya Ujerumani Mashariki, ya pili Zenit ya Warusi. Praktica ndiyo niliyoifahamu. Kwetu mwanamume haingii chumba cha bibi arusi wanawake wakiwa vichwa wazi, kwa hiyo Luqman alikuwa akisimama nje ya mlango, anaweka kila kitu sawa, kisha ananipitishia kamera pembeni mwa pazia. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzungusha lenzi mpaka uso utulie, halafu kubonyeza. Watu wakimsifu kwa picha nilizopiga mimi, yeye anacheka tu.

Zenit hakunipa hata siku moja. Ndiyo aliyoanza nayo kazi, kabla hajanioa. Rangi nyeusi ilikuwa imetoka pale alipozoea kushika, chuma kinaonekana, na mfuko wake wa ngozi ulikuwa bado unanukia mafuta yake ya nywele.

"Shemeji, chukua Praktica," Jamaldini akaniambia. "Mkono wako umeizoea. Hiyo Zenit ni tofali, labda kama unataka kumpigia mwizi."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikachukua Zenit.

Hakubisha. Alinionyesha tu kwamba lenzi zao zinaingiliana. Akaifungua ya Praktica kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa, akaifunga kwenye Zenit, ikakaa. Akaniachia na lenzi nyingine ya Luqman, ndefu, ya kuvuta watu wa mbali. Nikasema moyoni, kumbe hizi ni mtu na nduguye, kinachoifaa hii kinaifaa na ile. Sikuuliza zaidi. Nilichokuwa nataka ni kushika mahali aliposhika yeye.

Mwezi wa saba jirani yangu Najat akamwoza binti yake, Salha. Najat alikuwa anaumwa tumbo mwaka wa pili huo, gauni linamning'inia mwilini. Wiki moja kabla ya arusi alikuja kukaa barazani kwangu. Alizungumza habari za mchele na za wageni watakaotoka Tanga, na mimi nikimtazama najua hakujia mchele.

"Mwanamkuu," akasema mwishowe, "sina picha na mwanangu tangu yuko mgongoni. Nataka moja. Mimi na yeye, basi. Nyingine piga utakavyo."

Nikamwambia inshallah ataipata.

Siku yenyewe wingu lilikuwa limeufunika Mlima Meru hadi mashambani, na chumba cha bibi arusi kilikuwa giza mchana kweupe. Lenzi ndefu haikufaa mle, tulivyobanana, nikaweka fupi. Nikachomeka flashi. Spidi ya kamera kufunguka na kufunga nikaiweka mia na ishirini na tano, kwa sababu ndiyo namba niliyoiona kila mara Luqman aliponipitishia kamera. Kwa nini namba hiyo, hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

Najat alikataa kiti. Alisimama kando ya bintiye, upande wa mkono wangu wa kushoto nikiwatazama, mkono mmoja tumboni. Nikazungusha lenzi mpaka uso wake ukatulia, nikabonyeza. Nilipiga tatu, kwa uhakika.

Mkanda ulikuwa umebaki na picha kumi na mbili. Zamani Luqman aliupata mkanda kwa kujuana na watu. Sasa madukani mikanda imejaa, ya kila rangi ya boksi, lakini mazoea ya kutoutoa kabla haujaisha nilikuwa bado ninayo. Nikangoja akika ya mtoto wa watu wa Kimandolu nimalizie huko. Kabla ya akika hiyo, siku ya kumi na moja baada ya arusi, Najat akafariki. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha.

Baada ya akika, picha zilisafishwa kwenye studio moja ya mjini, yenye mashine mpya ya picha za rangi. Aliyekuwa akiiendesha ni Frederick, Mmeru mpole. Hakunipa bahasha kama kawaida. Alizipanga kwenye kaunta moja moja. Za nje zilikuwa nzuri. Za chumbani, kila moja ilikuwa na ukanda mwembamba wa mwanga upande wa kulia, na sehemu yote iliyobaki ni nyeusi tii. Kwenye zile tatu, ndani ya ukanda yupo Salha peke yake, hata bega moja la Najat halimo.

Frederick akaniuliza spidi niliyotumia. Nilipomtajia akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ndani ya Zenit kuna kitambaa kinachopita mbele ya mkanda, na ukitumia flashi lazima uweke spidi ya thelathini, la sivyo kitambaa kinaufunika mkanda kabla mwanga haujaufikia wote. Praktica ndiyo inayovumilia mia na ishirini na tano. Lenzi kuingiliana hakuhusiani.

"Mama, mwambie binti mashine yetu ilikwama," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wameshazoea."

Nikamshukuru, nikakusanya picha, nikazitia bahashani. Nilisali adhuhuri, kisha nikashika njia ya Elerai, nyumbani kwa mume wa Salha.

Nilimweleza yote. Kwamba mashine haikukwama, kwamba shemeji alinishauri vizuri, na mimi nikachagua nyingine kwa ajili ya kumlilia mume wangu. Nikamwomba radhi. Salha alizishika zile tatu, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba weusi utapungua.

"Mama alisimama upande gani?"

Nikaweka kidole kwenye weusi.

Akaweka na yeye kidole pale pale. Ndipo akasema, "Mimi nilikuwa naitazama kamera. Wewe ndiye uliyekuwa unamwona. Alicheka?"

Jibu alilolitaka nililijua, na lilikuwa jepesi mdomoni.

"Hakucheka," nikasema. "Alibana meno, tumbo lilikuwa linamuuma. Nilimwambia atazame huku kwangu, hakunisikia. Alikuwa anakutazama wewe, hapa shavuni."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Akazirudisha bahashani. Hakusema amenisamehe. Alisogea mkekani, akanipa nafasi ya kukaa, akaniomba nimweleze tena tangu Najat alipokataa kiti, nisiruke kitu. Nikaanza upya.