Kikwembe cha Waongozaji

Mtu akiniuliza ni nini kilichoua kazi yetu ya kuongoza wageni kwenye makanisa ya zamani, simtaji shetani wala vita. Kilichoiua ni kikwembe. Kitenge kizuri cha sare, cha bluu, chenye sura ya Bikira Maria katikati, kilichochaguliwa na mwanamke ninayempenda kuliko dada zangu wa tumbo moja, Mama Émérance.

Émérance alikuwa mwalimu wa shule ya misheni hapa Kasongo hadi alipostaafu. Wenzake wakistaafu hufuga bata. Yeye aliamua kwamba makanisa ya matofali ya mapadri wa zamani, hapa kwetu, Nyangwe, Wamaza na Kabambare, kila moja lazima liwe na mtu wa kufungua mlango, kukaribisha wageni na kuwasimulia habari zake. Bila malipo! Alizunguka kwa pikipiki akitushawishi mmoja mmoja. Mimi Régina, muuza mawese, nilikubali ili aache kusimama mbele ya meza yangu sokoni na kunifukuzia wateja.

Kuwapata watu si kazi, kazi ni kuwabakiza. Pacifique wa Wamaza alituacha akaenda kuchimba dhahabu Salamabila. Msichana wa Kabambare aliolewa mbali. Émérance alitafuta wengine, akawafundisha upya, nao siku moja wakamwambia shamba limewazidi. Alikuwa akichota maji kwa kikapu, na alijua.

Nyangwe peke yake haikumsumbua. Kule alikuwepo Mama Chadia, mjane anayekausha samaki wa Lualaba, nyumba yake ikitazamana na kanisa. Chadia ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu wa tangu zamani, lakini mama yake mzazi alikuwa binti wa katekista. Mapadri walipokimbia vita, ufunguo wa kanisa uliachwa kwenye nyumba ile na haukuondoka tena. Chadia alifagia, alifungua, alisimulia. Nusu ya masimulizi yake ilikuwa chumvi tupu, nami nilimwambia hivyo usoni, akanicheka. Lakini wageni walimpenda, na walirudi wakileta wenzao.

Mwaka jana sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ilipangwa kufanyika Nyangwe, na wageni wangekuja hata kutoka Kindu. Émérance akatuita waongozaji tulioweza kufika Kasongo, akatandaza kile kitambaa mezani. Kwetu kikundi bila kikwembe si kikundi. Kwaya ina chake, wamama wa parokia wana chao. Siku ya sikukuu ukionekana bila kikwembe cha wenzako, watu hawaulizi. Wanajua umejitoa au umetolewa.

"Tuonekane sisi wote mwili moja," alisema. "Mutu akishavaa hii, hataona njia ya Salamabila tena."

"Na Mama Chadia?" nikamuuliza. "Atavaa Bikira?"

"Chadia ni wetu, Régina. Nikimununulia yake ya maua pembeni, si watu watasema namubagua?"

Ukibishana na mwalimu mstaafu unajitafutia kazi ya nyumbani. Na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa siku ile, hilo nitalisema popote. Alimpelekea Chadia kitambaa mwenyewe, na Chadia alikipokea kwa mikono miwili.

Siku ya sikukuu tulikuwa bluu sote, vumbi la kiangazi likitupanda hadi magotini. Chadia alisimama mlangoni pa kanisa na ufunguo wake, kichwani mtandio mweupe, kiunoni kikwembe chake cha maua cha siku ya Idi. Alitabasamu. Magari ya wageni yalikuwa yakisimama, na nyuma yetu wamama wa parokia walianza kunong'ona: tazameni, amemkataa Bikira. Émérance akasikia. Ninaamini minong'ono ile ndiyo iliyomvuruga, maana alitoa sauti ya darasani, ile ya kunyamazisha watoto sitini.

"Leo wenye kuvaa kikwembe ndio wanaongoza. Mwenye hajavaa akae pembeni!"

Hata wageni waligeuka. Chadia alimtazama kidogo, akamkabidhi ufunguo Joël, kijana wetu wa Kasongo, akavuka barabara akaingia kwake. Joël aliwasomea wageni karatasi kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sabuni. Hakuna aliyecheka siku ile.

Chadia hakuonekana tena kanisani. Émérance alishikilia hasira yake miezi kadhaa, akisema mtu asiyetaka mama wa Yesu anatafuta nini mlangoni kwake. Wakati huo wageni walifika Nyangwe wakakuta pamefungwa, wakarudi. Habari ikafika Wamaza, na mwongozaji mpya wa kule akatuma neno: kama Mama Chadia alifanyiwa hivyo, mimi ni nani? Naye akaacha. Baada ya Pasaka Émérance alikuja mezani kwangu, macho mekundu, akasema, "Régina, twende Nyangwe. Nilikosa."

Tulimkuta Chadia akigeuza samaki juu ya moshi. Alitupatia vigoda, akatuuliza habari za watoto. Émérance hakuweza kungoja.

"Dada, nimekuja juu ya ile kikwembe. Uliikatala juu ya dini yako, na mimi nilipaswa kuelewa."

"Nani alikuambia nilikatala?"

Chadia akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimekunjwa vizuri, kimefungwa ndani ya shuka safi. Alituambia alikiweka juu ya kabati, pamoja na Kurani ya marehemu mumewe.

"Nilipeleka kwa mushonaji," alisema. "Akapima, akaniambia, mama, hii sura itaangukia huku." Akajipiga tako. "Nikasema, basi kata pengine. Akasema, mukasi utapita ku uso. Sasa mi nifanye nini? Bibi Mariamu, mama ya Nabii Isa, nimukalie? Nimukate uso? Ninyi munamukalia, ni mambo yenu. Mimi nilishindwa."

Nilikumbuka nilivyokaa benchi misa nzima nikiwa na kikwembe changu, tena nikijisogeza huku na huku. Sikuthubutu kumtazama mtu. Émérance alifunika uso kwa mikono.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikungojea ku mulango nikuambie. Hukuniuliza. Ulipaza sauti."

"Unisamehe, Chadia. Nakuomba."

"Nimekusamehe, zamani. Lakini aibu ulinipatia mbele ya watu, na pole unaniletea ku jiko."

"Basi siku ya Mungu, Jumapili hii, nitasema mbele ya misa yote!"

"Wale wageni watakuwa mule?" Chadia akageuza samaki mwingine. "Walisharudi kwao. Wako wanasimulia kule namna Mwislamu mumoja alifukuzwa ku mulango ya kanisa."

Hapo pikipiki ikasimama uani. Walikuwa mtu na mkewe kutoka Kindu, walimu, rafiki yao alikuwa amewatajia jina la Chadia. Wakauliza kama yupo.

Émérance akasimama kabla yake. "Huyu ndiye," akawaambia. "Mimi nilimufukuza mbele ya wageni, na hakuwa na kosa. Kosa ilikuwa yangu. Nataka muisikie na muiseme kwenu."

Wale watu maskini hawakujua watazame wapi. Chadia alitikisa kichwa, akamshika Émérance mabega, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtandio ukamwanguka. "Imekwisha, dada. Imekwisha kabisa." Nikavuta pumzi. Nilishaanza kuhesabu moyoni: Nyangwe imerudi, Wamaza itarudi.

Aliwakaribisha wageni, akawapa samaki wa moto na ugali. Akawasimulia habari za mto, za kiboko aliyekula mihogo ya jirani, chumvi ile ile, na wote tukacheka, Émérance akicheka kuliko sisi. Kisha mke wa yule mwalimu akafuta mikono, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Na hili kanisa, mama? Tusimulie."

Chadia alikusanya sahani taratibu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, ningeiona.

"Hiyo muulize wenye kanisa," alisema kwa upole, akamsogezea Émérance kigoda karibu na wageni, akaingia ndani kuosha vyombo.

Émérance alifungua mdomo awaeleze. Machozi yakamtangulia.