Maziwa Yasiyo na Hofu

Kapteni Fadhul alinuka marashi, na Sista Awiti, mkunga aliyezoea harufu zote za uzazi, alishindwa kuivumilia hiyo moja. Alikuwa ameletwa kwenye nyumba moja mtaani Kansanga kwa gari la jeshi kumtazama mtoto wa kapteni, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati. Mama wa mtoto alikuwa mahututi, na maziwa ya kopo mtoto aliyatapika yote. Kapteni, mtu mwenye macho makavu, akamchukua Akidi, mke wa polisi Okullo, aliyejifungua wiki tatu zilizopita, amnyonyeshee mtoto huyo. Okullo mwenyewe alikuwa amekamatwa na kapteni huyohuyo kabla mkewe hajajifungua.

“Mutoto nalia tu,” kapteni alisema. “Na maziwa ya hiyo mwanamuke nakauka. Shida nini?”

Awiti, kwa ujinga wa mtu anayeipenda kazi yake, akamweleza. Maziwa ya mama si chakula tu. Yana homoni zitokazo katika damu yake: nyingine hukomaza utumbo wa kichanga, nyingine humzoesha kutofautisha usiku na mchana. Mama akijaa hofu, homoni ya hofu nayo hupita humo, na maziwa yenyewe hugoma kushuka.

Kapteni akafikiri, kisha akatabasamu. “Basi ambia yeye bwana yake iko muzima.”

“Yuko mzima?”

“Alikufa siku ileile ya kukamatwa. Wewe sema nakula nyama.”

Awiti akatae? Njiti hakuwa na kosa, na waliomkatalia kapteni hawakuonekana tena. Akaingia chumbani. Akidi alikuwa amepakata watoto wote wawili, na wote walikuwa wakilia.

“Okullo mzima,” Awiti alisema. “Anakula nyama.”

Akidi aliinua kichwa. “Aliuliza mutoto?”

“Aliuliza jina.”

“Ambia yeye ni Alanyo, jina ya mama yake.”

Maziwa yakashuka papo hapo, yakalowesha gauni. Njiti akanyonya akalala. Awiti aliuonea kinyaa mdomo wake mwenyewe; alitamani kuusugua kwa dawa ya kuoshea sakafu.

Kapteni alikuwa ameegemea mlango, ameridhika kabisa. Alimsindikiza mkunga hadi garini, akamfungulia mlango kwa adabu.

“Kesho kuja tena, Sista,” alisema. “Ambia yeye bwana yake napenda sana ile jina.”