Jina Lisirudiwe

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1938, saa moja asubuhi, karani Walubengo alichonga penseli yake kwa wembe, akapuliza vumbi la mbao, akafungua orodha ya watu wa shamba. Shamba lilikuwa maili tisa kutoka Kitale, upande wa Mlima Elgon. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyeitwa Bwana Saa, kwa sababu hakumtazama mtu usoni kabla ya kutazama saa yake. Orodha ilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili. Kazi ya Walubengo wiki hiyo ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna jina lililoandikwa mara mbili.

Amri hiyo haikutoka hewani. Karani wa zamani, Ngari, alikuwa amemwandika mtu mmoja katika ukurasa wa pili na tena katika ukurasa wa tano, na kwa miezi saba mtu huyo alipewa posho ya watu wawili. Hakuiba. Aliitwa mara mbili akaitika mara mbili, kama adabu inavyotaka. Ila alinenepa, na Bwana Saa alikuwa na jicho kali la kuona unene wa watu wengine. Ngari akafukuzwa, na kwenye ukuta wa ofisi ikabandikwa sheria. Jina moja, mtu mmoja. Likirudiwa lifutwe, na aliyefutwa aondoke shambani kabla mwezi haujaisha, mahindi yake yabaki yalipo. Mkaguzi angekuja kutoka Kitale kuthibitisha.

Walubengo alisoma misheni, alivaa kola safi hata siku za matope, na alikuwa na njia yake ya kazi. Kabla ya kuliingiza jina katika orodha mpya, aliisoma orodha hiyo mpya yote kutoka juu hadi chini. Asipolikuta, aliliandika. Akilikuta, alimweka mwenyewe kwenye karatasi ya kando. Njia hii haikosei, ila ni ndefu. Jina la kwanza halikumchukua muda wowote, lakini kufikia jina la mia mbili, chai yake ilikuwa ikipoa kabla hajafika chini ya ukurasa.

Jumatano jioni karatasi ya kando ilikuwa na watu arobaini na sita. Wengi walitoka Bungoma, na kwao mtoto wa kiume akizaliwa wakati wa mvua ni Wafula, akizaliwa wakati wa njaa ni Wanjala, na msichana wa mavuno ni Nekesa. Mvua haikunyesha mwaka mmoja tu, wala njaa. Akina Wafula walikuwa kumi na mmoja. Akina Nekesa walikuwa saba, na wa saba alikuwa shangazi yake mwenyewe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Walubengo alimwita senge, kama wanavyosema kwao.

Alimkuta senge akipukuchua mahindi ya mbegu, akamweleza mambo yalivyo.

"Wa saba?" senge aliuliza.

"Kwenye orodha, senge."

"Na wa kwanza ni nani?"

"Nekesa wa kwa Wabwile."

"Huyo nilimpokea mimi kwa mikono hii akitoka tumboni. Si mimi ndiye nilimwita Nekesa? Leo ati mimi ndiye namrudia yeye."

Walubengo alisema hakuitunga sheria. Senge alisema anajua, kwa sababu angekuwa ameitunga yeye angemchapa. Kisha akamkumbusha jambo lingine. Peris, mke wa Walubengo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mara tatu alikuwa ameota ndoto ya mwanamke mzee mwenye pengo la jino la mbele, akimwomba maji kwenye kibuyu. Huyo alikuwa Nakhungu, nyanya yake senge, aliyefariki zamani. Alikuwa akitafuta mtoto wa kumrithi jina. Desturi ilijulikana: mtoto akizaliwa hulia, nao wanawake wazee huita majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Marehemu wake akiitwa, anakuja, na mtoto ananyamaza. Jina la majira ni la kuitiwa uji tu. La marehemu ndilo linalomtuliza mtu maisha yake yote.

"Mtoto wa Peris atazaliwa hapa na ataitwa hapa," senge alisema. "Siondoki. Wewe ulisoma kwa kuku wangu niliowauza. Rudi huko ofisini ufanye hao kuku wasijute."

Walubengo alirudi ofisini. Kwanza alijaribu kuongeza jina la baba, lakini mababa nao walizaliwa wakati wa mvua, akapata watu wanne walioitwa Wafula wa Wafula. Akajaribu majina ya ubatizo. Mhubiri wa misheni alikuwa mtu mwenye haraka. Alikuwa amebatiza mtoni watu ishirini kwa mkupuo mmoja, na wote walitoka majini wakiitwa Absalom. Mwisho akapendekeza kila mtu apewe nambari. Bwana Saa alifikiri kwa dakika moja na nusu, akakataa. Nambari tayari walikuwa nazo ng'ombe, kuanzia moja hadi mia na themanini, na hakutaka ng'ombe wachanganywe.

Ndipo Walubengo alipokumbuka kwamba kila mmoja wa wale arobaini na sita alikuwa na marehemu wake, na hakuna marehemu aliyegawanywa kwa watu wawili. Alirudi kwa senge na kalamu ya wino.

Senge hakupenda. Alisema jina la marehemu halijawahi kuandikwa, nalo huitwa mtoto anapolia, si kila siku saa moja asubuhi bila sababu. Walubengo akamwambia ni herufi tu, senge, wino na karatasi.

"Haya, andika," senge alisema. "Lakini akija, jembe utampa wewe."

Ijumaa orodha ilikamilika. Majina mia mbili na kumi na mawili, hakuna lililofanana na jingine. Walubengo aliisoma mara tatu kutoka juu hadi chini na hakuona kosa.

Jumatatu iliyofuata watu walijipanga mbele ya ghala. Alipofika kwa "Nekesa Nakhungu", sauti mbili zilisema nipo. Kando ya senge alikuwa amesimama mwanamke mzee aliyevaa ngozi, mwenye pengo la jino la mbele, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini. Walubengo aliweka alama mbele ya jina. Akaenda ghalani, akaleta jembe, akampa. Peris, aliyekuwa amekaa ukutani akipumzisha mgongo, alimjua mara moja, akamletea maji kwenye kibuyu. Mzee alikunywa, akashukuru, akauliza mtoto ni wa mwezi gani.

Wote arobaini na sita walikuja. Majembe hayakutosha, ila baadhi ya marehemu walikuja na yao ya zamani, ya mpini mfupi.

Nyapara Kiplangat aliwapangia mistari kama wengine. Saa nne alikuja ofisini kulalamika. Hakuwa na neno juu ya bidii yao. Walipalilia bila kupumzika, hawakuomba ugali na hawakuenda vichakani. Tatizo lao ni kwamba hawakufuata mstari. Kila mmoja alifika mahali fulani katikati ya mahindi, akasimama, akazunguka, akaendelea upande wa pili. Mahali penyewe hapakuwa na kitu. Kiplangat alikuwa amemuuliza yule mzee mwenye pengo kwa nini anaruka ardhi nzuri, naye akajibiwa kwamba mtu halimi mlangoni pake.

Ilipofika adhuhuri, mtu aliyesimama kwenye veranda ya Bwana Saa aliweza kuziona vizuri duara arobaini na sita katika mahindi, kubwa za nyumba na ndogo za ghala, na nafasi ndefu katikati ambapo zamani ng'ombe walipita. Bwana Saa aliziona. Alikadiria magunia ambayo duara hizo zingempotezea, akakadiria pia mikono aliyoipata bila posho, akaona amefaidi.

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda hivyo. Nakhungu alipalilia mchana kutwa, na jua likishuka aliketi na senge na Peris nje ya nyumba. Senge alimlalamikia kuhusu magoti. Nakhungu alisema nayo ni ya kurithi. Walikubaliana kwamba mtoto akizaliwa, Nakhungu ataacha jembe kidogo, aje aitwe kama inavyopaswa.

Mkaguzi alifika tarehe ishirini na nane kwa gari lililokwama mara mbili njiani. Aliisoma orodha, akaisifu. Alisema hajawahi kuona orodha safi hivyo katika wilaya yote, akamwomba Walubengo amwonyeshe njia yake, akaiandika katika daftari lake. Kisha akataka kusikia majina yakiitwa.

Lilipoitwa la kwanza kati ya yale arobaini na sita, mkaguzi aliinua kichwa. Lilipoitwa la kumi, aliweka kalamu chini.

"Jina moja, watu wawili," alisema. "Mmoja lazima afutwe."

Bwana Saa alitazama saa yake, akauliza ni yupi kati ya hao wawili anayekula.

Senge Nekesa akatoka kwenye mstari. "Ni mimi ninayekula," alisema. "Huyu hali. Lakini, bwana, si umuulize kwanza alianza kukaa hapa lini."

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki, akauliza. Nakhungu alinyoosha mkono kwenye mahindi. "Pale ni mlangoni. Pale ni zizi. Mume wangu yuko chini ya ule mti mlioukata. Na bafu ya huyu bwana iko jikoni kwangu."

Ndani ya ofisi, nyuma ya meza, ilitundikwa hati ya shamba yenye muhuri, iliyosema kwamba ardhi hii ilipotolewa ilikuwa tupu. Mkaguzi aliisoma. Alitoka nje, akazitazama zile duara kwa makini, akazihesabu akafika arobaini na sita. Halafu alieleza kwa upole kwamba yeye alikuja kwa ajili ya majina. Mambo ya ardhi yana ofisi yake, nayo hufunguliwa Alhamisi.

Akachukua kalamu. Katika kila jina kati ya yale arobaini na sita alifuta neno la kwanza, akaacha la pili. Walio hai wakafutwa. Marehemu walitiwa wino kwenye dole gumba, mmoja baada ya mwingine. Karatasi ilibaki na alama ya udongo mwekundu usio na mistari, naye akaikubali. Kila mmoja alivishwa shingoni kipande, ile hati ya mfanyakazi, kwenye mkebe wake wa bati, wanawake vilevile ingawa haikuwa lazima, kwa sababu Bwana Saa alitaka pasiwe na shaka tena.

Tarehe thelathini waliofutwa waliondoka kwa miguu kuelekea Kabuchai, kwao Bungoma, na kuku, na masufuria, na Peris akiwa amepandishwa punda, ili mtoto azaliwe penye wanawake wazee wa kumwita. Walubengo alikuwa amefunga mzigo wake. Senge akamfungulia.

"Wewe jina lako halikurudiwa," alisema. "Kaa karibu na hiyo orodha mpaka umtoe Nakhungu."

Mtoto alizaliwa Kabuchai mwezi wa saba, msichana, mzito, mwenye afya. Alilia. Wanawake wazee wakaketi, wakamwita Nakhungu. Mtoto aliendelea kulia. Wakaita majina mengine arobaini na matano, ingawa walijua. Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa kazini.

Walubengo alipata habari, akaanza utaratibu. Jina haliwezi kutolewa kwenye orodha iliyotiwa sahihi ila kwa fomu ya Kitale, na fomu ina nafasi moja ya sababu: kufa, kutoroka, au kufukuzwa. Aliandika kufa. Fomu ikarudi, ikiuliza tarehe. Aliandika mwaka ambao senge alimtajia. Fomu ikarudi na maelezo kwamba mfanyakazi hawezi kufa kabla ya kuajiriwa. Aliandika kutoroka, na siku hiyohiyo Kiplangat, aliyekuwa mkweli, akathibitisha kwamba mzee yuko mstari wa tatu na anapalilia vizuri. Akaomba Nakhungu afukuzwe. Bwana Saa alisema hajawahi kuwa na mfanyakazi bora.

Kila mwisho wa mwezi Walubengo huenda Kitale na fomu mpya, maili tisa kwenda na tisa kurudi. Karani wa dirishani humwona kwa mbali akaandaa muhuri. Mtoto sasa ana miaka minne. Hulia akila uji, hulia akichunga mbuzi, hulia akicheza, na watoto wenzake wamezoea kuongea kwa sauti ya juu.

Ila katika barua yake ya mwisho Peris aliandika jambo moja. Kila asubuhi, wakati jua limetoka na umande haujakauka, mtoto hunyamaza. Hugeuza uso upande wa Kitale, hutulia kiasi cha mtu kutamka jina, kisha huendelea.

Walubengo aliisoma barua hiyo mara tatu kutoka juu hadi chini. Asubuhi iliyofuata, saa moja, alifungua orodha mbele ya ghala. Aliwaita waliotangulia haraka, kama kawaida. Alipofika kwa Nakhungu alivuta pumzi hadi kola ikambana, akaliita jina polepole, akalivuta silabi kwa silabi, akakataa kulimaliza, mpaka Bwana Saa akatazama saa yake mara mbili.

"Nipo," Nakhungu alisema, naye bila haraka.

Karani akaweka alama, akachonga penseli, akaanza fomu nyingine.