Bastola ya Mke wa Doyle

Gaylon, mwenye duka, hakumsalimia Verla. Alimsalimia Doyle, akamuuliza habari za lori, habari za magoti, habari za mbwa, kisha akatema mate ya tumbaku kwenye kikombe cha karatasi.

"Haya. Leo tunamtafutia nani?"

"Mke wangu," alisema Doyle, akimwonyesha Verla kwa kidole gumba kana kwamba duka zima la bunduki limejaa wake zake.

Verla alikuwa amesimama hapo hapo, mkoba begani. Miaka thelathini ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba wanaume wawili wakikutana mbele ya kabati la silaha, mwanamke anasubiri kama anavyosubiri mvua ipite.

Safari hii lakini hakuja kusubiri. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wawili walivunja kwa teke mlango wa Oleta, mjane wa nyumba ya jirani, juu kidogo barabarani. Walimvunja taya, wakabeba dawa zake za maumivu na televisheni, wakaondoka bila haraka. Askari wa wilaya alifika baada ya dakika arobaini. Hao watu hawajakamatwa. Na Jumapili Doyle anaondoka na lori lake, siku kumi na sita, Nebraska na kwingineko, na Verla anabaki peke yake katika milima ile ya Arkansas, na jirani wa karibu sasa yuko hospitalini.

"Isizidi dola mia tatu," alisema Doyle.

"Ninayo ya kwake hasa." Gaylon aliinama, akatoa kijibastola cha rangi ya waridi, kidogo kama sabuni ya kuogea. "Wanawake wanaipenda sana hii. Nyepesi. Inaingia mkobani."

Verla alijiuliza ni mwanamke gani huyo aliyemwambia. Labda mkewe, yule aliyemkimbia akaenda Texas.

Doyle alishaichukua. Akaikoki, kraak, akaielekeza kwenye kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani, jicho moja amelifumba. Akaikoki tena. Kisha akainua shati akaichomeka kiunoni mwake, chini ya tumbo, akageuka huku na huku mbele ya kioo.

"Hata haionekani!" alisema, uso umemnawiri kama wa mtoto aliyepewa baiskeli.

"Kwani mimi nitakuwa namficha nani bastola jikoni kwangu?" aliuliza Verla. "Hebu nipe."

Akaipokea. Akaishika mgongo, pale panapovutwa ili kuikoki, kwa mkono wa kushoto, akavuta nyuma. Haikwenda. Akaibana kifuani, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Haikusogea hata unene wa ukucha. Ile mikono ilikuwa imekata mapaja ya kuku miaka kumi na tisa katika chumba cha baridi, kiwandani, mkanda wa mashine unakimbia na msimamizi anapiga kelele. Vifundo vyote viwili vya mikono vimepasuliwa na daktari. Siku hizi chupa ya jemu anaifungua kwa kuibana magotini.

"Kuna ufundi wake, shemeji," alisema Gaylon, akitabasamu. "Usivute. Sukuma."

"Nimesukuma."

"Utazoea tu. Wote mwanzoni huwa hivyo hivyo."

"Wasiwasi wa nini, mama?" alidakia Doyle. "Nitakuachia nimeshaikoki mimi. Unaikuta tayari."

"Na ikikwama?"

"Haikwami," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Ikikwama, nimwambie yule mtu akae kwenye kiti anywe chai, nimpigie simu Doyle arudi kutoka Nebraska kuja kunikokia?"

Gaylon akacheka. Halafu akamkonyeza Doyle. Alidhani Verla haoni, maana hakuwa amemtazama tangu aingie.

Kukonyeza kule ndiko kulikomfungua macho. Katika milima ile wanaume wana desturi yao, nao wanaiona ni werevu mkubwa. Mtu akitamani bunduki ambayo hana sababu ya kuinunua, anamnunulia mkewe. Akitimiza miaka ishirini ya ndoa, mke anapewa bunduki ya kuwindia paa. Siku ya akina mama anapewa ya kupigia bata, ingawa yeye hali nyama ya bata. Siku ya kupewa ni yake. Kesho yake iko begani mwa mume. Wenzake wanajua, wanapigana mabega, wanacheka. Verla naye alikuwa anajua, akanyamaza, kwa sababu mume anayechezea vyuma uwanjani ni nafuu kuliko mume anayechezea vingine mjini. Lakini safari hii walikuwa wanachezea taya lake, nalo lingeweza kuvunjwa kama la Oleta.

"Doyle. Bastola yangu ya Krismasi iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile nyeusi. Uliyonipa mbele ya watu kanisani, ndugu yako akapiga makofi."

Doyle alikuna shingo. "Si iko... iko kwenye gari."

"Wapi kwenye gari?"

"Chini ya kiti."

"Kiti cha nani?"

Doyle akaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo.

"Kailete."

Akaenda. Akarudi anaifuta kwa shati lake, akailaza juu ya kaunta polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa.

"Gaylon, unainunua kwa kiasi gani?" aliuliza Verla.

"Verla, ngoja! Hiyo ni—"

"Ni ya nani?"

Doyle alimtazama Gaylon. Gaylon akatazama kikombe chake cha tumbaku.

"Nimekuuliza, baba. Ni ya nani?"

"Yako," alisema Doyle, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Basi nyamaza, nauza changu."

Gaylon akataja bei, Verla akaipandisha, Gaylon akaguna, akakubali. Hapo Verla akaweka kidole kwenye kioo, rafu ya chini kabisa, kwenye rivolva moja kuukuu iliyobabuka rangi.

"Nipe ile."

"Ile? Hiyo ya kizamani, shemeji. Polisi wa mji mmoja waliichoka wakatuuzia. Nzito kama nyundo. Siyo ya mwanamke."

"Kisu cha kiwandani kilikuwa chepesi, na ndicho kilichonilemaza. Ilete."

Aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kweli, lakini uzito ulitulia viganjani. Hakukuwa na cha kuvuta nyuma wala cha kusukuma. Akafungua tumbo la bastola, lile linalobeba risasi, kwa kidole gumba, akatazama matundu sita matupu, akalifunga. Akabinya kifyatulio. Kilikuwa kimetumika miaka na miaka mpaka kimelainika, kikaja taratibu bila kugoma. Tak. Akabinya tena. Tak. Mkono ulimuuma, lakini ulikubali.

Gaylon akatoa fomu ya serikali, akampa kalamu Doyle. Verla akaichukua kalamu ile mkononi mwa mumewe.

"Anayejaza ni atakayeitumia," alisema.

Gaylon akapiga simu kwa wakaguzi wa serikali, na walipojibu kwamba Verla hana doa la uhalifu, wote watatu wakaenda nyuma ya duka, kwenye tuta la udongo la kujaribia silaha. Gaylon akatundika karatasi ya shabaha mbali, kule wanakopigia wanaume wanaotaka kusifiwa. Verla akaifuata, akaitoa, akarudi nayo, akahesabu hatua saba kutoka mahali pa kupigia, akaisimika hapo.

"Mbona karibu hivyo?" aliuliza Doyle.

"Kutoka chumbani mpaka mlango wa jikoni ni hatua saba. Umeishi kwenye ile nyumba, hujui?"

"Basi panua miguu. Vuta pumzi, halafu—"

"Doyle. Funga mdomo."

Akapiga sita. Tano zilitoboa karatasi, moja ilikwenda kwenye udongo. Akajaza tena, akapiga sita nyingine. Zote zikaingia. Gaylon akasema, "Si mbaya," kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Doyle ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani. Walipofika karibu na duka la vifaa vya ujenzi Verla akamwambia asimame, akampa noti kutoka kwenye chenji.

"Kanunue komeo la mlango wa nyuma. La chuma. Na skrubu ndefu zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Nimekuomba tangu Aprili."

"Komeo la nini tena, na bastola unayo?"

Verla alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama kuku aliyefika kwenye mkanda bila kichwa.

Doyle akashuka. Baada ya robo saa akarudi na komeo la bati, la bei ya chini kuliko yote, na skrubu fupi kama jino la mtoto. Verla akalipokea dirishani, akalikunja kwa vidole vyake vibovu mpaka likapinda, akamrudishia.

"Rudi ndani," alisema.