Kilo Sabini na Mbili Juu ya Pipa

Siku ambayo mkwe wangu Wakhisi alianza kupanga matofali katikati ya sebule, nilimwuliza binti yangu ni nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Mama," Winny akasema. "Ni bwawa la samaki."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya nyumba."

"Na lile ziwa pale chini limefungwa?"

Winny ni daktari wa meno, amezoea watu wanaosema upuuzi wakiwa wameachama.

Mimi nilikuwa mgeni hapo kwao Milimani. Maji ya mafuriko kule Ahero yalikuwa yameingia nyumbani kwangu bila hodi, yakapanda mpaka yakalala kitandani kabla yangu, ndipo Winny akaja kunichukua. Lakini kwetu Wajaluo mama halali nyumba moja na mume wa binti yake, kwa hiyo nilipewa chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua. Na kwa Wabukusu, kwao Wakhisi, mambo ya mkwe ni makali kuliko yetu. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Siku moja tulikutana ghafla kwenye tangi la maji, kijana wa watu akajificha nyuma ya mgomba. Mgomba wenyewe ulikuwa mwembamba, na Wakhisi ni mnene. Nilisimama nikautazama mgomba ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi, habari ya bwawa nilielezwa na Winny. Kampuni ambayo Wakhisi alikuwa akiifungia pampu ilikuwa imemwachisha kazi mwezi wa kwanza, na tangu hapo hakuwa amepata kitu. Kisha akajitokeza tajiri mmoja wa hoteli, Robinson, aliyetaka bwawa la koi, wale samaki wa mapambo, mapokezi, mahali wageni wanapoandikisha majina. Alimwambia Wakhisi hivi: nijengee dogo kwako kwanza, nitakuja kuliona Jumamosi baada ya wiki mbili. Nikiona sakafu yake na samaki wakiogelea, kazi ni yako. Nisipoona, naita mafundi wa Nairobi.

Samaki wakaletwa kwenye mifuko ya plastiki, wanane. Weupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa, wengine weusi, mmoja wa dhahabu. Nilivyowaona mimi, ni ngege wa ziwani waliotoka saluni. Nimeuza samaki soko la Kibuye miaka thelathini, na mkono una mazoea yake: kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimemnyanyua yule wa dhahabu na kufunua shavu lake kwa kidole nione kama ndani ni mwekundu.

"Mama! Hao si wa kuuza!"

"Najua. Namsalimia tu."

Alikuwa mwekundu vizuri. Huyo ningemuuza kabla ya saa nne.

Wiki ya kwanza haijaisha, wawili wakafa. Nikafunua mashavu ya marehemu. Yamepauka, rangi ya chai iliyoongezwa maji. Waliobaki walikuwa juu juu wakihema kama waumini waliokimbilia ibada, na maji yenyewe yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Wakhisi aliketi kwenye ukingo wa bwawa ameshika tama. Nilimwona kupitia dirishani, naye hakuniona, kwa hiyo haihesabiwi.

Nikaenda veranda ya nyuma kukagua mtambo wake. Sikudharau, ulikuwa umefikiriwa. Pampu ilivuta maji machafu kutoka bwawani, yakapita kwenye bomba lililotobolewa ukutani, yakaingia pipa la kwanza la bluu lililojaa nyavu kuukuu za kuvulia omena. Humo takataka zikanasa. Kisha yakaingia pipa la pili lenye kokoto na vipande vya sponji ya godoro, halafu yakarudi sebuleni kwa maporomoko madogo. Kila kitu kwa mkono wake, bila mashine ya dukani isipokuwa pampu.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuja kila siku saa kumi na moja jioni likiwa na beseni. Wakhisi ni msafi kupita kiasi. Alifungua pipa la pili, akatoa kokoto na sponji zote, akaziosha kwa sabuni mpaka zikang'aa kama sahani za harusi, akazirudisha. Halafu akaongeza maji ya bomba papo hapo, yale yanayonuka dawa.

Mama yangu alipika busaa maisha yake yote. Chungu cha busaa hakikuguswa na sabuni. Alisema ule utelezi wa ndani ndio wafanyakazi wake. Ukiwaosha, umewafukuza, na kesho pombe inakutazama tu. Sikuwa na haja ya kusoma zaidi ya darasa la saba kuona kwamba pipa la Wakhisi ni chungu, na kila jioni alikuwa akifukuza wafanyakazi kabla hawajavua hata koti.

Nikamwambia Winny amwambie. Winny akaenda, akarudi.

"Anasema Mama asijisumbue."

Aa. Mimi najua maana ya "asijisumbue".

Nikampigia simu rafiki yangu Nasipwondi, anayefuga ngege kwenye bwawa la udongo huko Ahero, upande ambao mafuriko hayakufika, aniletee nusu gunia la kokoto za bwawa lake bila kuziosha. Alizileta Alhamisi, zinateleza kama uongo. Wakhisi akiwa mjini, nikazimimina ndani ya pipa la pili, nikafunika. Halafu nikachukua sinia yangu ya mchele nikapanda juu ya kifuniko. Nikaketi.

Saa kumi na moja Wakhisi akaja na beseni na sabuni. Akafika mlangoni, akaona mgongo wangu, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akakohoa. Nami nikakohoa. Nikaendelea kuchagua mchele.

Baada ya muda Winny akatoka. "Mama, Wakhisi anaomba pipa."

"Mwambie aje aliombe mwenyewe."

"Mama, unajua hawezi."

"Kumbe najua?"

"Mama, shuka. Samaki watakufa."

"Walikufa wakiwa safi, nyathina. Hawa wacha wajaribu uchafu kidogo."

Wakhisi alijaribu hila zote. Alituma ujumbe kwamba chakula kiko tayari jikoni. Nikasema niletewe hapa. Alituma kwamba kuna mtu wa kanisa langoni ananiita. Nikasema mtu wa Mungu anajua kuzunguka nyumba. Mvua ilipotishia, nikafungua mwavuli. Alidamka alfajiri moja akidhani ameniwahi, akakuta leso yangu ya kiunoni imefungwa kuzunguka kifuniko, mafundo matatu. Mkwe wa Kibukusu kugusa leso ya mama wa mkewe! Hata nyumba ingewaka moto asingeigusa. Kwa kweli ningeweza kuiacha leso hiyo ilinde peke yake mchana pia, nikajilalia, lakini ningekosa kumwona akija na beseni.

Maji ya kuongeza niliyashughulikia mwenyewe. Nikajaza ndoo sita, nikaziacha zilale siku mbili zitoe harufu ya dawa, ndipo Winny akamimina bwawani.

Siku ya tano nilishuka kidogo nikaenda dirishani. Yule wa dhahabu alikuwa amelala ubavu, pezi moja linachezacheza. Maji bado meupe. Hapo kicheko kikanikauka. Nilijiuliza, Perez, kama umekosea je? Kijana hana kazi tangu mwezi wa kwanza, na wewe umemkalia tumaini lake kwa makalio yako kwa sababu ya chungu cha pombe cha mwaka wa hamsini na tisa. Nilirudi juu ya pipa, lakini mchele wa siku hiyo ulibaki na mawe.

Siku ya sita wa dhahabu alikuwa wima. Siku ya saba alikula. Siku ya nane nikasikia Winny akipiga kelele ndani, nikadhani wamekufa wote.

"Mama! Naona sakafu! Naona mkunjo wa turubai lililotandikwa chini!"

Jioni hiyo Wakhisi hakuja na beseni, na sitaficha, nilimkosa.

Jumamosi Robinson akafika. Mimi nilikuwa mahali pangu, maana niliogopa Wakhisi akishikwa na wasiwasi angekimbilia sabuni dakika ya mwisho. Dirisha la sebule liko juu kidogo ya pipa, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila kuwa na tabia mbaya.

"Wakhisi, bwana! Haya ni maji au ni kioo?"

"Ni maji, mzee."

"Wale wa Nairobi waliniapia kwamba bila mashine ya ng'ambo haiwezekani. Wewe umetumia nini?"

"Mapipa mawili, mzee. Nyavu, kokoto, sponji ya godoro."

"Na wao walijua hayo. Hapa kuna siri. Nini kingine?"

Nikaacha kuchagua mchele.

"Ni... uzito, mzee."

"Uzito?"

"Uzito juu ya kifuniko cha pipa la pili. Ukikaa... ukiwekwa, yaani. Ukiwekwa siku tisa, maji yanatakata."

Nikasikia kalamu ikibofywa. Huyu mtu alikuwa anaandika!

"Uzito wa nini? Jiwe?"

"Si jiwe, mzee."

"Saruji?"

"Hapana. Ni kitu cha... ni kitu cha heshima."

"Kitu cha heshima." Kalamu ikasimama. "Kilo ngapi?"

Maskini Wakhisi. Mama mkwe hatajwi jina, na huyu anatakiwa amtaje kilo!

"Siwezi kusema, mzee."

"Bwana Wakhisi, nisikilize." Sauti ya Robinson ilikuwa imepoa. "Mimi siwezi kumpa kazi fundi anayenificha. Kama kuna mashine ya watu umeazima ukaificha huko nyuma, sema sasa. La sivyo napiga simu Nairobi nikiwa hapa hapa. Ni kilo ngapi?"

"Labda... tisini na tano?"

"Tisini na tano!" Sikujua ni mimi niliyepiga ukelele huo mpaka mchele ulipomwagika. "Yawa! Tisini na tano ya nani? Sabini na mbili! Na kadi ya kliniki ninayo!"

Mlango wa veranda ukafunguliwa. Robinson akatoka, mrefu, shati jeupe, daftari mkononi. Akatazama pipa, akanitazama, akatazama pipa tena.

"Habari yako, Mama. Wewe ndiye... uzito?"

"Ndimi. Msamehe mkwe wangu. Hana ruhusa ya kunitaja, sembuse kunipima."

"Ni mkwe wako? Mimi nimelelewa Nairobi. Nilidhani hayo ya wakwe yaliisha."

"Yaliisha Nairobi. Huku yamekalia pipa."

Nikamweleza habari ya sabuni, ya chungu cha mama yangu na ya kokoto za Nasipwondi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi, akaniuliza swali ambalo nililiogopa.

"Kwa hiyo fundi hasa ni nani, Mama? Nimpe kazi nani?"

Ningeweza kujisifu. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Lakini nyuma ya pazia la mlango niliona vidole vya miguu vya Wakhisi, vimetulia kama vya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mapipa ni yake," nikasema. "Mabomba ni yake, ukuta ni wake, na hakuna tone hata moja linalovuja kwenye zulia la binti yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumzuia kuosha. Kwa hoteli yako nunua kufuli, itafanya kazi yangu na haitakula kwako."

Robinson akageukia pazia. "Wakhisi! Jumatatu saa mbili, uje na vipimo. Lile la mapokezi kwanza, halafu tuzungumze kuhusu la mgahawani."

Pazia likasema, "Ndiyo, mzee," kwa sauti nyembamba sana.

Gari lilipotoka langoni, Winny alileta sahani ya ugali na sukuma, akamtafuta mumewe. Wakhisi alikuwa amempungia Robinson mkono, akazunguka mpaka veranda ya nyuma, na furaha ilikuwa imemlewesha. Akapokea sahani pale pale, akaegemea ukuta hatua mbili kutoka kwangu, akaanza kula tonge kubwa kubwa. Kwao mkwe hali mbele ya mama wa mkewe hata akifa njaa. Alikuwa amesahau kabisa kwamba niko.

Winny alifungua mdomo kumwonya. Nikamkonyeza anyamaze. Nikageuka taratibu juu ya pipa, nikatazama uani, nikabana hata kikohozi changu, ili mtoto wa watu amalize sahani yake.